Kumi na Moja Ametapika Ukuta

Profesa wa upasuaji wa watoto hakuwahi kumgusa mtoto kabla ya kupata kikombe cha chai. Kunywa, hata hakunywa. Alikikumbatia tu kwa viganja vyote viwili, akazunguka nacho wodini kama mtu aliyekabidhiwa yai la mbuni, mpaka viganja vikaiva. Hapo ndipo alipokiweka kikombe dirishani, akafunua shuka taratibu, akalaza mkono juu ya tumbo dogo. Wauguzi wanaapa kwamba kuna mtoto aliyelia kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili bila kuvuta pumzi, na mkono ule ulipotua akafungua jicho moja, akamkagua mwenye mkono, akalala. Na wauguzi si watu wa kutia chumvi, isipokuwa wakisimulia urefu wa zamu zao. Basi wodi nzima ikamwita Mikono Moto, na yeye akajifanya hajui.

Sasa kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike ambaye mikono yake ilikuwa kinyume kabisa. Baridi! Wenzake walidai kwamba bweni lao halikuhitaji friji. Soda alikuwa anapewa yeye azishike. Lakini hilo silo lililompa jina. Walimwita Kamusi kwa sababu alikuwa amekimeza kitabu cha upasuaji chote, jalada mpaka jalada, pamoja na anwani ya mpiga chapa. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza kwa nini mtoto mchanga hutapika, angekutajia sababu kumi na nne bila kufumbua macho, kisha angegeukia ukutani na kuendelea kukoroma.

Jumatatu asubuhi, siku yao ya kwanza katika wodi ya watoto, Mikono Moto aliwapanga wanafunzi tisa katikati ya vitanda, kikombe mkononi.

"Mko tisa," alisema. "Tukibahatika, mmoja wenu atakuwa mpasuaji wa watoto. Wanane mtatawanyika kwenye zahanati za mbali, mtakaa na mashine ya presha iliyokufa na foleni inayofika barabarani. Kwa hiyo sina haja ya kuwafundisha kukata. Nataka mjue kitu kimoja tu: katika foleni ile, mtoto yupi aletwe kwangu, na aletwe saa ngapi. Mtoto si mtu mzima aliyefuliwa akanywea. Mtu mzima utumbo ukimsokota, anakupa siku nzima ya kufikiri, na huku anakutukana. Mchanga anakupa saa chache, tena anakupa akiwa kimya. Haya. Mtoto ametapika. Swali la kwanza?"

"Rangi!" Kamusi alikuwa ameshanyoosha mkono kabla swali halijaisha. "Matapishi ya kijani ni nyongo, Profesa, na nyongo kwa mtoto mchanga maana yake utumbo umeziba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sababu ya kwanza—"

"Pumua, mwanangu. Utamuulizaje mama yake?"

"Nitamuuliza kama matapishi yalikuwa ya kijani."

"Naye atajibu ndiyo, kwa sababu umevaa koti jeupe. Au atajibu hapana, kwa sababu ana hamu ya kurudi kwake. Usimtie mama neno mdomoni. Mwambie akuonyeshe."

Kamusi akaandika: *Akuonyeshe.* Akapiga mstari chini yake, mara mbili. Kisha akafunga daftari, na neno likabaki humo humo ndani.

Kila mwanafunzi akagawiwa mgonjwa wa kumfuatilia. Kamusi akapewa mtoto wa siku nane ambaye wodi ilikuwa inamwita Kumi na Moja, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya vidole vyake vya mikono. Kile cha ziada kilining'inia pembeni mwa mkono wa kushoto kwa kijinyama chembamba, kama mtu aliyedandia gari likiwa linaondoka. Aliletwa ili kidole kiondolewe. Mama yake alikuwa bado amelazwa wodi ya wazazi ng'ambo ya uwanja, kidonda cha kujifungulia kikiwa kimekataa kufunga, hivyo aliyemkesha ni bibi yake: mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo, aliyekuwa akivuka uwanja kila baada ya saa tatu na kikombe kilichofunikwa kisahani, kwenda kuchukua maziwa ya mama na kurudi nayo bila kumwaga hata tone. Alimnywesha mtoto kwa kijiko, akimsimulia habari za ukoo wao wote, waliokufa na wanaostahili kufa.

Kamusi akasogea. Akakumbuka sura ya tumbo katika kitabu, akaweka mkono. Kumi na Moja alipiga ukelele uliowafanya wapita njia nje wasimame, na tumbo likakakamaa kama ubao.

"Umegundua nini kuhusu tumbo lake?" Mikono Moto aliuliza.

"Ni gumu, Profesa."

"Hapana. Umegundua kuhusu mikono yako."

Wenzake wanane wakacheka kwa namna ya watu wanaoshukuru kwamba si wao. Kamusi aliomba ardhi ipasuke. Profesa alipopita, Bibi akamvuta Kamusi kwa upindo wa koti.

"Mjukuu wangu, njoo. Ingiza viganja kwapani. Hapo hapo, usione haya, kwapa ni lako. Sasa hesabu mpaka ishirini. Mimi nimeogesha watoto wanane na wajukuu kumi na sita, na hakuna hata mmoja aliyenililia kwa mkono."

Ungefikiri angeshukuru tu, akae ajifunze. Lakini aibu ina kawaida ya kutafuta pa kujilipizia. Mchana ule, Kamusi akiwa anatafuta heshima yake ilikoangukia, alisimama katikati ya wodi na kuwapa akina mama na akina bibi somo la usafi ambalo hakuna aliyeliagiza. Vijidudu, inzi, mikono, mabeseni. "Na kitambaa kilichotapikiwa," alimaliza, kidole juu, "kisikae hata dakika mbili. Kifuliwe hapo hapo, kwa sabuni, kianikwe juani!"

Wakampigia makofi. Bibi wa Kumi na Moja alipiga kuliko wote.

Jumanne chumba cha upasuaji kilijaa dharura, kidole cha kumi na moja hakikupata nafasi. Jumatano, saa tatu asubuhi, Kamusi aliingia wodini akiwa ameshika kwapa zake tangu getini, na watu walidhani anasikia baridi. Alimkuta daktari kijana wa zamu, yule waliyemwita Haraka kwa sababu alitembea kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akiandika karatasi ya kumruhusu Kumi na Moja arudi wodi ya wazazi kwa mama yake.

"Kidole hakiendi popote," Haraka alisema bila kuinua kichwa. "Atarudi mwezi ujao. Usiku na asubuhi hana homa, tumbo laini. Kacheua maziwa kidogo, kalishwa kupita kiasi. Unajua bibi hawa."

Kamusi akaenda kitandani. Mtoto alikuwa macho, kimya, anatazama dari. Akaweka mkono juu ya tumbo, mkono wenye joto la kwapa, la kuhesabu mpaka ishirini. Hakulia. Tumbo lilikuwa laini kama mto. Kwa kitambo kidogo akafurahi. Kumbe mikono yangu imepona, akawaza. Kisha akaona kitu ambacho hakimo kitabuni: mtoto hakumtazama. Jumatatu alikuwa na hasira ya kuwatosha wanaume wawili. Leo hata hasira hakuwa nayo.

"Bibi, shikamoo. Ametapika?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Katapika, saa kumi na mbili, na tena saa mbili. Lakini usiwe na wasiwasi!" Bibi aliinua kidole, vilevile kama Kamusi alivyoinua chake Jumatatu. "Sikukiacha kitambaa hata dakika. Nimefua kwa sabuni, nikasuuza mara tatu. Hata harufu huipati."

Akaonyesha dirishani. Kwenye kamba ya nje vilining'inia vitambaa vinne, vyeupe kama meno ya mtoto, vinapepea.

Kamusi akasogea dirishani. Alivitazama vile vitambaa na kuona somo lake lote la Jumatatu limeanikwa juani. Kitu pekee ambacho Profesa angetaka kukiona kilikuwa kimekwenda na maji ya sabuni, na aliyekipeleka ni yeye.

Neno "kijani" likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Likapanda tena, akalimeza tena.

"Bibi," akasema polepole, "nataka unionyeshe. Humu ndani, au nje, popote. Kitu chenye rangi kama ile aliyotapika."

Bibi akamtazama kama anayemwonea huruma. Lakini akasimama. Akaitazama ndoo: hapana. Shuka: hapana. Gauni la mama wa kitanda cha tatu, akalishika upindo, akatikisa kichwa, mwenye gauni akasema, "Mama, kulikoni?" Bibi akaendelea. Akafika kwenye ukuta. Ukuta wa wodi ile, kama kuta za wodi nyingi, ulipakwa rangi mbili: juu nyeupe, na chini, mpaka usawa wa kifua, kijani. Bibi akatembea nao mkono ukipapasa, akapita kwenye kijani kilichoiva, akapita mlango, akasimama karibu na dirisha ambapo jua lilikuwa limeupausha.

"Hii," akasema, na kuweka kiganja. "Ile ya saa kumi na mbili ilikuwa hii. Ya saa mbili ilikuwa kama kule nilikotoka, karibu na mlango."

Kamusi hakuzitaja zile sababu kumi na nne. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hakuwa na hata moja kichwani. Alikuwa na mtoto tu.

"Usimpe tena maziwa, Bibi. Hata kijiko." Akamgeukia Haraka. "Daktari, ametapika nyongo. Aitwe Profesa."

"Nani kaiona?"

"Bibi."

"Iko wapi?"

"Ukutani."

Haraka akatua kalamu. "Profesa yuko kwenye upasuaji. Unataka nikamtoe mtu chumbani, na kisu mkononi, kwa sababu ya ukuta? Tumbo si umelishika mwenyewe?"

Sista mkuu wa wodi, mwanamke mkubwa aliyevaa saa kifuani na ambaye madaktari wote walimwogopa isipokuwa waliokuwa hawajaonana naye, alikuwa ameshafika kitandani bila kusikika. Aliinama, akambinya Kumi na Moja unyayo. Mtoto akakunja uso, akaacha.

"Huyu jana alinipigia kelele nikibadilisha nepi," Sista alisema. "Leo nimembinya hasemi kitu. Mimi mtoto anayelia hanisumbui. Dripu hiyo hapo naanza kuitafutia mshipa, na mpira wa puani, wa kuvuta yaliyo tumboni, naupitisha sasa hivi. Wewe mwanangu, una miguu?"

"Ninayo, Sista."

"Basi itumie!"

Wanasema Kamusi alivuka korido ile kwa hatua saba, na korido yenyewe ni ndefu hata machela husimama katikati kupumzika. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni ambao haruhusiwi kuuvuka mwenye viatu vya nje. Alisimama vidole vikigusa mstari, akagonga kioo. Ndani, Mikono Moto alikuwa anamalizia kumshona mtoto aliyekuwa na ngiri. Muuguzi akafungua upenyo wa mlango.

Alikuwa ameiandaa sentensi njia nzima, nzuri, yenye kiima na kiarifu. Iliyotoka ni hii:

"Profesa! Kumi na Moja ametapika ukuta!"

Chumba kizima kiligeuka. Daktari wa usingizi akashusha miwani. Mikono Moto hakugeuka; alikaza uzi wake.

"Ukuta upi?"

"Wa wodini kwetu."

"Juu au chini?"

"Chini. Saa kumi na mbili ilikuwa rangi ya karibu na dirisha, saa mbili rangi ya karibu na mlango. Bibi yake ndiye aliyenionyesha. Sikumtia neno mdomoni."

Uzi ukakatwa. "Huyu aamshwe, meza isafishwe, chumba kitiwe joto," Mikono Moto alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza maandazi. "Kamusi, nenda na Bibi kwa mama, akaelezwe, akubali kwa saini. Kwa maneno ya watu, tafadhali. Nusu saa."

Aliporudi wodini, Sista alikuwa akimngoja kitandani. Alimwonyesha tu bomba la sindano lililounganishwa na mpira wa puani. Ndani yake kulikuwa na kijiko kizima cha ukuta. Haraka alikuwa amesimama kando, ile karatasi ya ruhusa ameikunja mara nne, anaikunja ya tano.

Walivuka uwanja, Bibi na Kamusi, na safari hii kikombe cha maziwa hakikuwepo mkononi mwa Bibi, na mkono wake haukujua pa kukaa. Mama wa Kumi na Moja alikuwa binti mdogo tu, ameegemea mito, amejifunga kitambaa tumboni. Alipowaona bila mtoto akaanza kuinuka.

"Kaa, mwanangu, utajipasua," Bibi alisema. "Yu hai. Msikilize huyu."

Kamusi akafungua mdomo, na maneno ya kitabuni yakajipanga mlangoni, marefu, yamevaa tai. Akayafukuza. Akakaa kitandani.

"Dada, umewahi kuuona mpira wa kumwagilia bustani ukijisokota? Maji hayapiti. Utumbo wa mtoto wako umefanya hivyo. Alizaliwa nao haujafungwa vizuri mahali pake, si kwa kosa lako wala la mtu, ukapata nafasi ya kujizungusha. Maziwa hayashuki, ndiyo maana anatapika. Lakini baya zaidi ni kwamba damu nayo inabanwa, na utumbo usiopata damu unakufa. Profesa anataka kulifungua tumbo, ausokotoe. Leo, sasa hivi."

"Na ukiwa umeshakufa?"

Kamusi alitamani kusema haujafa. "Bado hatujui," akasema. "Tukiufikia mapema, mara nyingi unaamka."

Binti akamtazama mama yake, Bibi, naye akatikisa kichwa kukubali. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote mpaka la babu. "Wewe utakuwemo humo ndani?"

"Nitakuwemo."

"Basi mshike mkono. Hajazoea watu."

Chumba cha upasuaji wa mtoto mchanga ni tanuri. Wapasuaji wanatoka jasho mpaka kwenye nyusi, kwa sababu mtoto wa siku kumi hupoa haraka kama chai iliyomiminwa kwenye sahani, na akipoa hata kazi nzuri inaharibika. Mikono Moto alimpa Kamusi maji ya moto ya kunawa, akamwangalia akinawa mpaka kwenye viwiko, akamwambia anawe tena. Kisha akamsimamisha ng'ambo ya meza, amevaa glovu, haruhusiwi kufanya lolote ila kushika atakachoambiwa. Kabla kitambaa cha kijani hakijatandazwa, Kamusi aliingiza kidole chake ndani ya kile kiganja cha kushoto. Alikuwa ameahidi. Kisha akaenda kunawa mara ya tatu, na hakuna aliyemuuliza.

Kisu kilipita mara moja, mstari usiozidi urefu wa kijiti cha kiberiti na nusu. Utumbo ukatoka. Haukuwa na rangi ya utumbo. Ulikuwa mweusi mweusi, zambarau iliyoiva ikapitiliza, wote kwa pamoja, umejiviringa kama kamba ya ndoo.

Mikono Moto akaukusanya mzima katika viganja vyake viwili, vilevile kama alivyokikumbatia kikombe, akauzungusha kinyume na mishale ya saa. Mara moja. Ya pili. Ya tatu ukajilegeza.

"Taulo la maji ya uvuguvugu," akasema. Likaja. Akaufunika. "Kamusi, weka mikono yako juu. Usibonyeze. Mpe joto tu. Dakika kumi."

"Profesa, mikono yangu—"

"Nimeulizia habari za mikono yako?"

Akaiweka. Saa ya ukutani ikaanza kutembea kama mwenye malengelenge.

Ilikuwa dakika ya tatu Kamusi aliposema, macho yakiwa kwenye taulo: "Ni mimi niliyewaambia wafue."

"Wafue nini?"

"Vitambaa. Jumatatu. Nilisimama katikati ya wodi nikawahutubia. Bibi alifua kwa sababu yangu. Kama vingekuwepo, daktari wa zamu angeona saa kumi na mbili."

Daktari wa usingizi alijishughulisha na mashine zake. Mikono Moto akapima joto la taulo kwa kiganja.

"Nikiwa na umri wako," akasema, "mama mmoja aliniletea mtoto kituoni. Nikamuuliza, ametapika kijani? Akasema hapana, daktari, njano tu. Nikaandika njano. Kijana mzuri, mwandiko mzuri. Wakaenda zao. Siku ya pili yake alirudi mama peke yake, kunishukuru kwa vile nilivyoongea naye vizuri." Akatazama saa. "Tangu hapo simpi mtu rangi. Namwacha aitafute mwenyewe. Wewe umekosea Jumatatu, ukasahihisha Jumatano. Mimi nilichukua muda mrefu zaidi. Dakika ngapi?"

"Nane."

"Subiri kumi. Haraka yako umeshaimaliza kwenye korido, na ndipo ilipotakiwa."

Dakika ya kumi akafunua pembe ya taulo, yeye akiangalia pembeni makusudi.

"Rangi?"

Kamusi akainama. Kitabu kilikuwa na neno la rangi ile, zuri tu, la herufi kumi na mbili. "Kama ndani ya mdomo wake alipokuwa ananililia Jumatatu," akasema. "Isipokuwa hapa. Hapa, urefu wa kidole, bado pana giza."

"Kidole chako au cha kwake?"

"Cha kwake. Kile cha ziada."

"Basi tunakipa dakika kumi nyingine. Hatumkati mtu kwa sababu amechelewa kuamka."

Wakafunika. Jasho likamdondoka Mikono Moto, muuguzi akampangusa. Kamusi hakusogeza kidole. Wapo watakaosema taulo ndilo lililofanya kazi, na damu, na mikono ya aliyesokotoa. Na ni kweli. Lakini yule muuguzi anaapa kwamba mvuke ulikuwa unapanda katikati ya vidole vya yule msichana kama sufuria imeondolewa jikoni sasa hivi. Walipofunua mara ya pili, kile kijisehemu kilikuwa kimeanza kuona haya kwenye kingo, waridi likinyemelea giza kutoka pande mbili, na mbele ya macho yao likakutana katikati.

Bibi alikuwa kwenye benchi la korido, vitambaa vinne vikavu mapajani, amevikunja, anavikunjua. Kamusi akapiga magoti mbele yake.

"Amepona, Bibi. Yaani, ameanza. Utumbo wote mzima, hatukukata hata kipande, ila kile kijiti kidogo cha kidole tumbo ambacho Profesa hukiondoa kila mara akifanya kazi hii. Na kuhusu kufua, kosa ni langu. Nilikufundisha vibaya. Nisamehe."

Bibi alimtazama. Kisha akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, kama mtu anayekagua viazi.

"Leo ina moto," akasema. Ndipo alipolia, mabega yote mawili, na vile vitambaa vinne vikapata kazi.

Mpasuaji wa watoto, mkitaka kumjua, si mtu wa kufurahia kovu. Anangoja kitu kingine. Siku ya kwanza Mikono Moto alipita na chai yake, akaweka sikio juu ya tumbo la Kumi na Moja: kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu kitu kikanguruma mbali, kama lori nyuma ya mlima. Kwenye mpira wa puani, kijani kikawa kinapungua. Mama alikuwa ameshahamishiwa kitanda cha jirani, Sista akiwa amezivunja sheria tatu na kumtazama kila mtu aone nani ataziulizia. Chini ya kila kitanda sasa kulikaa beseni lenye kifuniko, na juu ya kifuniko Kamusi alikuwa amebandika karatasi kwa mwandiko mkubwa: USIFUE KWANZA. TUONYESHE. Haraka naye alikuwa anayafunua moja moja kila asubuhi, taratibu mpaka wenzake wakaanza kumtafutia jina jipya.

Siku ya tano, Mikono Moto yuko katikati ya wodi na wanafunzi tisa, anaeleza jambo zito sana kuhusu maji na chumvi mwilini, mlio ukasikika kutoka kitanda cha pembeni. Mfupi, mkavu, usio na aibu. Mzungumzaji akanyamaza katikati ya neno.

"Amejamba?" alinong'ona.

"Kajamba!" Bibi alipaza sauti, wodi nzima ikamsikia, na nafikiri na soko la jirani. "Na si hivyo tu! Tokeni njiani!"

Akaja amebeba beseni mbele yake kwa mikono miwili, kwa ule mwendo wa kubeba maziwa bila kumwaga tone, akawapita wanafunzi wanane, akasimama mbele ya Kamusi.

"Sijafua," akasema.

Kamusi akafunua kifuniko. Mikono Moto akaweka kikombe dirishani na kujiziba pua kwa heshima.

"Rangi?"

Mwanafunzi akatazama ndani, kisha akatazama pande zote za wodi, shuka, ndoo, madirisha, ukuta juu na chini, akitafuta. Akasimamisha macho kwenye gauni la yule mama wa kitanda cha tatu, lenye maua ya haradali.

"Ile pale, Profesa."

"Jamani!" mwenye gauni akalalamika. "Mimi hii nguo sasa nitaivaaje?"

Walicheka mpaka Sista akaja kuwanyamazisha, akashindwa kujinyamazisha mwenyewe. Katika kelele ile Kamusi alirudi kitandani, akaingiza viganja kwapani, akahesabu ishirini kimoyomoyo, akaviweka juu ya tumbo dogo, mbali na kovu. Kumi na Moja alikuwa kwenye titi la mama yake kwa ruhusa ya Profesa, mara ya kwanza tangu aletwe wodini. Aliacha kunyonya, akageuza jicho moja, akamkagua mwenye mikono kwa muda. Kisha akakamata kidole cha Kamusi kwa ule mkono wa kushoto, vitano vikishika kwa nguvu na cha sita kikiwa kinaning'inia pembeni kuangalia, akarudi kwenye maziwa yake.